Siku Tulipokataa Karanga za Mwenzetu



Tangu turudi kwenye matembezi ya vakansi, wengi mmetuuliza sokoni na mbele ya kanisa: "Yalikwendaje?" Kila mara tumejibu kwamba yalikwenda vizuri, tulikula, watoto walioga ziwani, hakuna aliyepotea. Hayo yote ni kweli. Lakini kuna jambo ambalo hatukulisema. Kwa sababu karatasi hii ni ya nyumbani kwetu, na kwa sababu wengine wameanza kulieleza vibaya huko kwenye maavenyu, tumeona afadhali tulieleze sisi wenyewe tuliolifanya.

Kwanza kwa wale wasiotujua. Sisi ni kikundi cha wamama 32 hapa Bukavu, wengi wa Kadutu, wachache wa Ibanda. Kati yetu kuna walimu kama sisi tunaoandika, mafundi wa kushona, wauzaji wa sokoni, wake wa watumishi wa serikali, wajane. Hatulipwi. Jumamosi mbili kila mwezi tunafanya salongo yetu: tunachukua reki, majembe na magunia, tunasafisha mitaro na vijito vinavyoshuka kutoka Kadutu, kiisha tunateremka mpaka ukingoni mwa ziwa. Watu wanafikiri tulianza kwa kupenda samaki na ndege. Ukweli ni kwamba tulianza kwa kuchoka na giza.

Mnajua mji wetu umekaa juu ya milima. Mvua ikinyesha, kila kilichotupwa juu kinashuka, na chini kabisa kuna ziwa Kivu. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, ndio mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini kwetu na kuteremka mpaka ziwa Tanganyika. Maji yakielekea Ruzizi, plastiki nayo inayafuata. Si mbali, chini kidogo ya mji, kuna barraji ya kwanza ya Ruzizi, iliyojengwa katika miaka ya 1950, na chini yake ile ya pili tunayoitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Chupa na masashe yakifika pale yanajirundika kwenye vyuma vya kuchujia, mengine yanapita na kuingia ndani. Hapo inabidi mashine isimamishwe isafishwe, na sisi huku juu tunabaki na mishumaa.

Mama asiye na umeme anapikia nini? Makala. Na makala ya Bukavu, sehemu yake inatoka milima ya Kahuzi-Biega, lile pori lililowekwa kuwa hifadhi mwaka 1970 kwa ajili ya gorila, na tangu 1997 liko kwenye orodha ya UNESCO ya mahali palipo hatarini. Basi sashe ya chumvi iliyotupwa Kadutu asubuhi inaweza kumaliza safari yake kwenye mti uliokatwa huko juu. Masomoni tunawachorea watoto jambo hili ubaoni kama mviringo: sashe, mtaro, ziwa, barraji, giza, makala, mti. Mwaka huu mtoto mmoja wa la tano aliinuka akachukua chaki, akaufunga mviringo ambao sisi tulikuwa tumeuacha wazi. Alisema miti ikiisha mlimani, udongo unashuka na mvua, unaziba mtaro, na sashe linakaa mlangoni kwetu. Tulimpa 10 juu ya 10. Diploma yetu ya ISP haikutufundisha hilo.

Sasa matembezi. Kila mwaka, mitihani ikiisha na watoto wakipokea bulletini zao, tunatoka siku moja pamoja na watoto. Ni kipindi cha kiangazi, mitaro imekauka, salongo inakuwa nyepesi, na mama naye anahitaji siku moja ya kukaa chini bila kuitwa. Kila mmoja alichanga franka 5000. Tulikodi basi mbili ndogo kwenda ufukoni, upande wa Kabare, kwenye njia ya kwenda Kavumu, mahali penye miti ya avoka na majani mafupi, na maji yasiyo na kina kirefu karibu na ukingo.

Wiki moja kabla, tulifanya mkutano wa matayarisho. Mama prezida wetu alikumbusha kwamba mwaka uliopita tulirudi nyumbani tukiwa tumeacha takataka nyuma yetu, sisi tunaowapigia wengine kelele. Tuliona haya. Ndipo tukakata neno: mwaka huu hakuna sashe hata moja. Mtu alete chakula ndani ya sufuria, kitunga, beseni au majani ya migomba. Mmoja wetu alisoma kwa sauti kwamba hata serikali ilikataza masashe kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017: kuyatengeneza, kuyaingiza nchini, kuyauza na kuyatumia. Tulipiga makofi. Kweli tulijisikia tuko mbele kidogo ya watu wengine wa mji.

Mkutano ule ulifanyika Alhamisi saa tisa ya mchana. Tafadhali mkumbuke saa hiyo.

Siku yenyewe ilianza vizuri kupita tulivyotegemea. Vumbi la njia lilitufanya wote kuwa na nywele za bibi kizee. Watoto waliimba mpaka wakapoteza sauti. Tulipofika, wavuvi wa sambaza walikuwa wanaanika nyavu zao. Mnajua mitumbwi yao, ile mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayotoka mbele na nyuma kama pembe, ambayo usiku inaenda na taa na nyimbo. Mzee mmoja wao aliwaeleza watoto kwamba sambaza si mtoto wa ziwa hili, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayelisha pande zote za ziwa. Kisha akawaonyesha sehemu ya wavu aliyokuwa anaitoa uchafu: kipande cha ndara, chupa ya jusi, nyuzi za gunia, na masashe, masashe, masashe, laini kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. "Kuna usiku," alisema, "tunavuta wavu tunaona ni mzito, tunashukuru Mungu. Kumbe ni ninyi watu wa mjini."

Watoto walicheka. Sisi tulicheka kidogo.

Chakula kilikuwa kingi. Bugali ndani ya vitunga, sombe, maharagi, viazi vitamu, sambaza za kukaanga tulizonunua pale pale, ndizi, kuku wawili waliotolewa na mama mmoja ambaye mtoto wake alifaulu. Tulikuwa tumetandika vikwembe vyetu chini, tunaanza kugawa, wakati basi ya pili ilipofika kwa kuchelewa. Ilikuwa imepasuka gurudumu. Ndani yake alikuwemo mwenzetu anayeuza karanga.

Hatutataja jina lake. Wengi mnamjua, na kikundini tumezoea kumwita Mama wa Karanga. Ni mjane, ana watoto wanne, wawili ni wanafunzi wetu. Salongo ikianza saa moja ya asubuhi, yeye ameshafika. Ndiye anayeingia ndani ya mtaro wakati sisi wengine bado tunatafuta mahali pa kuweka mguu. Siku hiyo aliteremka na beseni kichwani, amefunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akaliweka katikati yetu na kulifunua. Karanga za kukaanga, nyekundu, zina chumvi, bado zina harufu ya moto. Masashe 60 madogo yaliyofungwa fundo moja moja. Alikuwa amehesabu: kila mama na kila mtoto apate lake. Ulikuwa mchango wake juu ya zile franka 5000, ambazo pia alizilipa.

Tukasema hapana.

Hatuna haja ya kueleza ni nani aliyetamka neno lenyewe. Wote tulilisikia na wote tulinyamaza, ndiyo maana tunaandika "sisi". Tulisema: "Mama, funika hiyo beseni. Tulikubaliana hakuna sashe hapa."

Alituangalia mmoja mmoja. "Mulikubaliana na nani?"

"Kwenye mkutano. Alhamisi."

"Alhamisi saa tisa mimi niko sokoni. Saa tisa ndiyo saa yangu ya kuuza."

Hapo tungeweza kusema "samahani, dada, keti", tukamwaga karanga zote ndani ya kitunga, na masashe tukayaweka kando. Lingekuwa jambo la dakika tano. Mama mmoja kweli alitaka kusema hivyo, alituambia baadaye. Lakini mbele ya watoto tulitaka kuonyesha kwamba sheria ni sheria. Sisi walimu tunaugua sana ugonjwa huo. Tukamwambia aiweke beseni ndani ya basi.

Akaifunika. Hakutoa maneno makali, na hilo lilituumiza kupita matusi. Aliichukua beseni yake akaenda kuketi chini ya mti wa avoka ulio karibu na maji, pamoja na binti yake mkubwa, ambaye mwaka huu amemaliza la sita. Binti huyo hakula. Tulimtuma mtoto apeleke sahani mbili. Moja ilirudi ikiwa vile vile.

Tulikula. Kuku alikuwa na ladha ya karatasi.

Ilipofika saa kumi tulianza kusafisha mahali petu. Tuna desturi na watoto: hatuokoti tu, tunahesabu pia, na mmoja anaandika. Watoto wakapanga takataka kwa mafungu juu ya gunia na kusoma kwa sauti, kama wanavyosoma meza ya kuzidisha. Chupa za maji, 27. Chupa za jusi, 14. Karatasi ngumu za biskuti na bonbo, 41. Mirija, 9. Pampasi, 5. Kopo za plastiki za kunywa mara moja, 30 na kitu. Masashe, hakuna.

Vyote hivyo vilikuwa vyetu. Mama wa Karanga alikuja na maji ndani ya bido yake ya manjano ya lita 5, ile ile anayoibeba kila salongo. Sisi tulinunua chupa.

Kijana mmoja wa miaka minane, ambaye hatujui kama alikuwa mjanja au hakuelewa tu, aliinua chupa akauliza: "Metresi, hii si plastiki?" Tulimwambia aendelee kuhesabu.

Katika basi la kurudi watoto waliimba tena. Mbele tulikaa kimya. Mama wa Karanga aliteremka kabla ya wote, akaaga kwa heshima, na binti yake hakutuangalia. Jioni hiyo umeme ulikatika, na hatusemi ilikuwa ishara, maana unakatika siku nyingi. Lakini wengi wetu tulisimama mbele ya mbabula tukipepea makala, tukiwa na muda mwingi wa kufikiri.

Jumatatu tulikwenda kwake, wanne: mama prezida, mama mmoja mzee wa kikundi, na sisi walimu wawili. Tulibeba sukari na sabuni kama mtu anavyokwenda kwa mtu aliyemkosea. Alitupokea, akatupa viti, yeye akaketi kwenye ngazi. Mama mzee ndiye aliyesema, kwa sababu kwetu anayeomba msamaha kwa niaba ya wengi ni yule mwenye mvi. Alisema tumemkosea mara mbili: tulimtungia sheria bila yeye, kisha tukamhukumu nayo mbele ya watoto wake. Hakuongeza "lakini". Mmoja wetu alitaka kuongeza, tulimkanyaga mguu.

Mama wa Karanga alinyamaza muda mrefu. Kisha akatueleza mambo ambayo sisi, pamoja na kusoma kwetu, tulikuwa hatujayaweka kwenye mviringo wetu wa ubaoni.

Alisema: "Ninyi munanunua mafuta kwa bido. Mimi ninanunua mafuta ya leo, kwa sashe, ya kutosha sufuria moja. Chumvi kwa sashe. Sukari kwa sashe. Nikipata pesa ya bido, nitanunua bido, nani asiyetaka? Mteja wangu naye ana franka 200. Nikimwambia alete sahani yake, ataenda kwa mwenzangu aliye na masashe. Siku hiyo mtoto wangu analala njaa na ziwa linapata sashe lile lile."

Kisha akaongeza, na hapa alitabasamu kwa mara ya kwanza: "Na ile mitaro, mimi naingia kwa sababu ninajua masashe mengine ni yangu."

Hatukuwa na jibu. Mpaka leo hatuna jibu la mafuta. Tumezunguka nalo kikundini, na kila tunalopendekeza linahitaji mteja mwenye chombo mkononi na pesa zaidi ya zile alizo nazo. Mtu anayetoka kazini jioni na franka 300 hatembei na chupa tupu. Tunamwomba yeyote kati yenu aliyeona mahali ambapo wamama wamelitatua jambo hili atuandikie.

Kwa karanga, ndiyo, tumejaribu kitu. Sisi walimu tuna daftari za zamani, marundo, na karatasi za mitihani ambazo kila mwaka tunazichoma. Tulimpelekea katoni mbili, naye akazikunja kuwa pembe kama wauzaji walivyofanya wakati wa utoto wetu. Wiki ya kwanza alipoteza wateja, kwa sababu mtu anataka kuona karanga kabla ya kununua, na ndani ya karatasi hazionekani. Akaanza kuweka kichanja chenye karanga wazi juu na kujaza pembe mbele ya mteja kwa kopo ya kupimia. Wateja wakarudi, si wote. Mtoto mmoja wa masomoni kwetu alinunua karanga na kukuta kwenye karatasi jina lake na alama 3 juu ya 10 ya hesabu, kwa bic nyekundu yetu sisi. Alilia, na wenzake wakamcheka avenyu nzima. Tangu siku hiyo tunakata kona zenye majina na alama kabla ya kutoa daftari. Na mvua za Septemba zinakuja; karatasi na mvua si marafiki. Hapo sijui, sote hatujui, tutafanyaje.

Jambo jingine tulilobadili ni dogo, lakini tungelifanya miaka mingi iliyopita. Mikutano yetu sasa ni Jumapili baada ya ibada, saa nane. Jumapili ya kwanza walikuja wamama saba ambao hatukuwahi kuwaona mkutanoni tangu kikundi kianze, wote wauzaji. Mmoja aliuliza kama ni kweli kuna daftari la mahudhurio. Tulilifungua, tukaona kwamba kwa miaka mitatu tulikuwa tumewaandika "hakufika".

Mwenye daftari za zamani, hata zilizoandikwa pande zote mbili, alete kwa mama katibu kabla ya Ijumaa. Majalada magumu hayafai kwa kukunja, lakini yanawasha mbabula vizuri. Mwenye kopo za maziwa ya unga zenye vifuniko alete pia, tutajaribu nazo kwa sukari. Salongo ijayo ni Jumamosi, saa moja ya asubuhi, tunaanzia chini ya soko la Kadutu na kuteremka. Lete bido yako ya maji.

Mama wa Karanga amerudi sokoni na kwenye salongo. Binti yake bado anapita upande mwingine wa barabara akituona. Tumeomba mama yake atuambie siku itakayofaa kwenda kuongea naye pia, na amesema tungoje kidogo.